Saa Ngapi na Muda Gani: Kupima Wakati Katika Kompyuta

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za kompyuta. Nimechagua jambo moja dogo ambalo waandishi wengi wa programu hulidharau mpaka liwaumize, nalo ni kupima muda uliopita.

Swali la "saa ngapi?" si sawa na swali la "muda gani umepita?" Abiria atokaye Ngara kwenda Kigali, akivuka Rusumo hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, maana ndivyo saa za Rwanda zilivyo. Akihesabu safari yake kwa saa ya kuondoka na ya kufika, ataiona fupi kuliko ilivyokuwa. Saa yake haikuharibika. Imetumiwa kwa kazi isiyo yake. Lakini mwalimu anayepima mbio siku ya michezo hajali kama kengele ya shule imewahi au imechelewa. Hubonyeza mwanzo, akabonyeza mwisho, basi.

Kompyuta nayo ina saa hizo mbili. Ya kwanza ni saa ya siku, ambayo katika mifumo ya Unix huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Saa hii hurekebishwa mara kwa mara, na yaweza kurudi nyuma. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2017, sekunde moja ya ziada iliongezwa katika saa za dunia. Programu moja ya kampuni ya Cloudflare, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ikapata muda ulio chini ya sifuri, ikaanguka, na baadhi ya tovuti hazikupatikana. Mwaka huohuo Go ilirekebishwa, katika toleo la 1.9.

Ya pili ni kihesabio kiendacho mbele tu. Hiki hakijui tarehe. Kazi yake ni kuhesabu. Ndicho cha kupimia muda.

Sasa taabu ni kwamba kila mfumo una kihesabio chake. Linux hutoa nanosekunde. Windows hutoa mapigo, na ni lazima uiulize ni mapigo mangapi kwa sekunde. Mac ina utaratibu wake. Hata jina moja laweza kudanganya: "clock" ya lugha ya C, programu ikilala sekunde 5, katika Linux hutoa karibu sifuri, kwa kuwa hupima kazi ya prosesa, katika Windows hutoa sekunde 5. Ndiyo maana maktaba njema ya programu huzificha tofauti hizo, ikampa mwandishi kipimo kimoja popote. Java ilipata chake mwaka 2004, C++ mwaka 2011, Python mwaka 2012.

Vijana, shikeni mambo matatu. Kwanza, msilinganishe vihesabio vya mashine mbili, wala msikiandike kihesabio kama tarehe, kwa sababu mwanzo wake mara nyingi ni pale mashine ilipowashwa. Pili, tazameni ukubwa wa namba: milisekunde katika biti 32 hujaa baada ya siku 49.7, na Windows 95 iliwahi kuganda kwa sababu hiyo. Tatu, ulizeni kama kihesabio huendelea mashine inapolala, maana si vyote vinavyoendelea.

Mtu atauliza, haya yanamhusu nini mwananchi? Chukueni programu ya malipo iliyoambiwa ingoje jibu la benki kwa sekunde 30. Ikipima kwa saa ya siku, na saa hiyo ikarudishwa nyuma dakika 10, mwananchi atasimama dirishani dakika 10 na zaidi. Saa ikisogezwa mbele, programu itakata tamaa mapema, karani atarudia, na mwananchi huenda akatozwa mara mbili. Stakabadhi iandikwe kwa saa ya siku. Kungoja kupimwe kwa kihesabio. Anayevichanganya hivi viwili hatagundua siku ya majaribio. Atagundua siku ambayo foleni ni ndefu.