Mkaguzi Asitanguliwe na Mbiu



Tarehe 20 Novemba, 1968, mgodi wa makaa ya mawe wa Farmington, katika jimbo la West Virginia, Marekani, ulilipuka na kuua wafanyakazi 78. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria: kila mgodi wa makaa wa chini ya ardhi ukaguliwe si chini ya mara nne kwa mwaka, tena pasipo taarifa ya awali.

Sheria ilikuwa njema. Hata hivyo, tarehe 5 Aprili, 2010, katika jimbo lile lile, mgodi wa Upper Big Branch ulilipuka. Wafanyakazi 29 walipoteza maisha. Uchunguzi ulidhihirisha kwamba mkaguzi alipofika langoni, walioko shimoni walipashwa habari kwa redio. Hatari zilizoandikwa katika daftari la siri la kampuni hazikuonekana katika daftari la kuonyeshwa Serikali. Vumbi la makaa, ambalo hugeuza cheche ya gesi kuwa maangamizi, liliachwa lirundikane.

Wakaguzi nao hawakusalimika na lawama. Makosa waliyaandika mengi, lakini mamlaka waliyopewa hawakuyatumia ipasavyo. Mkuu wa kampuni alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha mwaka mmoja tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya. Aliyefukiwa shimoni harudi. Basi mtumishi wa umma atiaye sahihi daftari na ajiulize kwanza: je, ameteremka kuyaona kwa macho yake?