Leseni ya ziwani na fungu la mukene

Leo tunaongea samaki.

Ukifika soko la Kalerwe utakuta mukene. Watanzania wanaita dagaa, Wakenya omena. Kwa wengi wetu, tangu mgao wa chakula upunguzwe mwaka 2023, hiyo ndiyo nyama ya nyumbani. Bei ikipanda tunamlaumu mama anayeuza. Lakini wakati mwingine jambo limeanzia mbali, kwa samaki mwingine kabisa.

Sikiliza inavyokwenda. Ziwa Victoria lina sangara, ambaye viwanda vinamkata minofu na kuiuza Ulaya. Ili asiishe, sheria ya Uganda inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Mtumbwi nao lazima uwe na leseni, na urefu usiopungua futi 28. Mwaka 2017 serikali ilipeleka wanajeshi kusimamia sheria hizo. Nyavu haramu na mitumbwi midogo vilichomwa moto.

Sasa jiulize: aliyechomewa mtumbwi anakwenda wapi? Tumbo halingoji leseni. Akipata nafasi atahamia kwenye mukene, au ziwa jingine. Hivyo kanuni ya kumlinda sangara inaweza kuongeza nyavu kwa samaki mdogo. Tena mukene huyo huyo anatafutwa na watengenezaji wa chakula cha kuku.

Mipaka nayo haimzuii samaki. Wewe uliyetoka Vitshumbi au Kyavinyonge unajua: Ziwa Edward ni la Kongo na Uganda, kama Ziwa Albert. Upande mmoja ukipunguza mitumbwi na wa pili ukaiacha iongezeke, mwishowe wote watavuta wavu mtupu. Ndiyo sababu Uganda, Kenya na Tanzania ziliunda shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1994. Ofisi zake ziko Jinja.

Haya yanakuhusu vipi?

Kwanza, ukiombwa kuchangia pesa za mtumbwi, usiridhike na maneno. Omba leseni yenyewe uisome: ni ya mtumbwi gani, ziwa gani, mwaka gani.

Pili, kama unauza samaki, jua kwamba sheria haiishii ziwani. Anayekutwa na samaki wachanga sokoni au barabarani naye ana kosa. Sangara wadogo wa bei rahisi wanaweza kumaliza mtaji wako wote kwa siku moja.

Tatu, kila wilaya yenye uvuvi ina ofisa wake. Kabla ya kutoa pesa, muulize yeye. Kuuliza si ujinga.

Mwenye swali alipeleke kwa kiongozi wa kikundi chake cha wasikilizaji, nasi tutalijibu. Kaeni salama.