Diski Ikijaa, Ushahidi Utaupata Wapi?

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya makatibu vijana wa kata. Naiweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa dakika 15 tu, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi ya kata. Humo ndimo kuna rejesta ya wanachama, hesabu za michango, na picha za fomu za matokeo: 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Mawakala wetu wamekesha vituoni kuzipata. Kompyuta hiyo ikiibwa kesho, tunabaki na nini?

Wengi mtaniambia, "Mbona tunafanya bakapu kila siku!" Safi sana. Sasa swali langu: mnafuta lini? Maana bakapu isiyo na ratiba ya kufuta mwisho wake ni mmoja, diski kujaa. Na diski ikijaa, mara nyingi programu inagoma kimya kimya, nyie mnaendelea kuamini kwamba mko salama.

Hebu tupige hesabu. Tuseme faili za ofisi ni GB 40. Ukinakili zote kila siku, kwa siku 30 ni GB 1,200. Diski ya TB 1 inajaa kabla mwezi haujaisha.

Badilisheni ratiba. Jumapili nakili kila kitu. Jumatatu mpaka Jumamosi nakili kile tu kilichobadilika tangu jana, tuseme GB 1 kwa siku. Wiki nzima ni GB 46. Tunza wiki 4, zinakuwa GB 184. Ongeza GB 40 za kupokea nakala mpya ya Jumapili kabla hujafuta wiki ya zamani, jumla GB 224. Diski ya GB 500 inatosha na chenji inabaki.

Ila kuna masharti mawili. Kwanza, wiki inafutwa yote kwa pamoja. Zile nakala ndogo za kila siku zinaegemea ile ya Jumapili. Ukiifuta hiyo ukabakiza ya Jumatano, umebakiza matawi bila shina. Pili, usifute ya zamani mpaka mpya imekamilika na umejaribu kuifungua ikafunguka.

Sasa hapa ndo penye mtego. Wiki 4 zinaitosha rejesta, lakini haziutoshi ushahidi. Mtu akifuta folda ya fomu leo, asigundue yeyote, baada ya wiki 5 hakuna nakala hata moja itakayokuwa nazo. Na shauri la kupinga matokeo ya ubunge linafunguliwa ndani ya siku 30, ila kusikilizwa kwake kunachukua miezi. Ya urais ndo kabisa: Ibara ya 41(7) ya Katiba imefunga mlango wa mahakama. Fomu 21A mahakama yake ni wananchi, na wananchi wanataka kuona.

Kwa hiyo tenganisheni. Picha ya fomu haibadiliki, na picha ndizo nzito. Zinakiliwe mara moja kwenye diski mbili, moja ikae mbali na ofisi, na zisiguswe na ratiba yoyote ya kufuta. Rejesta na hesabu ndizo zinazobadilika, nazo ni nyepesi. Ratiba ya kila siku iwe ya hizo. Mkifanya hivyo ile GB 40 inashuka sana.

Najua mtauliza kuhusu kuhifadhi mtandaoni. Sawa, iwe nakala ya ziada. Lakini Oktoba 2020 mitandao ilibanwa, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ikazimwa. Siku kama hiyo utaitegemea diski uliyoishika mkononi.

Kwa wenye Windows, ile File History isipoguswa inanakili kila saa na kutunza matoleo yote milele. Ingia kwenye mipangilio, punguza muda iwe miezi 3, au ichague kufuta ya zamani pale nafasi inapohitajika. Na kwa sababu umeme wetu mnaujua, ratiba mtakayoiweka kwenye Task Scheduler iambieni kwamba kama muda wake ulipita kompyuta ikiwa imezimwa, kazi ifanyike mara itakapowaka.

Mwisho, wekeni nywila kwenye diski. Majina na namba za simu za wanachama si mali ya kila anayeiokota.

Kazi ya wiki hii: angalieni diski imebakiza GB ngapi, tenganisheni fomu, kisha fungueni nakala moja ya zamani muone kama inasomeka. Wakala aliyekesha kituoni alishamaliza kazi yake. Iliyobaki ni yetu.

Mapambano yaendelee!