Mdudu Mdogo na Msitu Ulioachwa Bila Mwenyewe

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa nizungumzie wadudu wanaobungua miti, na jinsi wanavyoutambua mti wa kuushambulia. Huenda baadhi yenu mkajiuliza mwandishi wa habari ana lipi la kusema juu ya wadudu. Nawaombeni mnivumilie, maana habari hii inawahusu wadudu kidogo, na binadamu zaidi.

Mfano wangu unatoka Japani. Katika milima ya nchi hiyo imo miti ya jamii ya mwaloni, mti ambao wengi wetu tunaujua kwa jina tu, kutokana na habari za Ibrahimu katika Biblia. Mialoni hiyo, hasa ile iitwayo mizunara na konara, imekuwa ikifa kwa wingi tangu miaka ya 1980. Kati ya Julai na Septemba, wakati mlima mzima ni kijani kibichi, majani yake hunyauka na kuwa mekundu kama yaliyopitiwa na moto. Mwaka 2010 peke yake, zaidi ya mita za ujazo 300,000 za miti ziliangamia.

Adui ni mbawakawa mwenye urefu wa milimita 5 hivi, ambaye wataalamu humwita Platypus quercivorus. Je, anaupataje mti wake katika msitu wenye miti ya kila namna?

Anayetangulia ni dume. Majaribio yameonyesha kwamba harufu ya majani ya mwaloni humvuta. Akitua hutoboa tundu jembamba kwenye gome, kisha hutoa harufu yake mwenyewe, ambayo wanasayansi wameipa jina la kwesivoroli. Harufu hiyo ni mbiu ya mgambo: wenzake, madume kwa majike, huja kwa mamia kuuvamia mti ule ule. Chini ya mti hujaa unga wa mbao, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza aionayo bwana misitu.

Jike naye haji mikono mitupu. Mgongoni ana vishimo vidogo alimobeba kuvu, nao huota katika mahandaki yao na kuwa chakula cha watoto. Lakini miongoni mwao umo mmoja, Raffaelea quercivora, ulio hatari. Mti hujitahidi kujikinga nao, na katika kujikinga huko mishipa yake ya maji huziba. Hivyo mti hufa kwa kiu, ilhali mizizi yake imo katika udongo wenye maji.

Ndugu zangu, wito wa namna hii si mgeni kwetu. Dumuzi wa mahindi, aliyebainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni Amerika ya Kati, na huko hubungua miti pia. Dume wake naye huwaita wenzake kwa harufu. Mkulima aliyefungua ghala akakuta unga badala ya punje hahitaji kuelezwa nguvu ya wito huo.

Sasa tujiulize. Mdudu huyu wa Japani si mgeni huko. Madhara yake yaliandikwa tangu miaka ya 1930. Kwa nini basi maafa yamekuwa makubwa katika miongo ya karibuni?

Maelezo yanayotolewa na watafiti wengi ni haya. Kwa karne nyingi wanavijiji waliikata mialoni hiyo kwa zamu, kila baada ya miaka 15 hadi 30, wakapata kuni na mkaa, na visiki vikachipua upya. Miaka ya 1950 na 1960 mafuta na gesi vilichukua nafasi ya mkaa, vijana wakahamia mijini, na misitu ikaachwa. Miti ikanenepa na kuzeeka. Na mti mnene ndio aupendao mbawakawa huyu, kwa kuwa una nafasi kubwa ya kulea watoto wake.

Leo Wajapani wanafunga mashina kwa plastiki, wanadunga miti dawa ya kuua kuvu, wanaweka magogo ya mtego yenye harufu ile ile, na kuiteketeza miti iliyokufa kabla kizazi kipya hakijaruka. Ni kazi ya gharama, tena ya kila mwaka.

Asiondoke mtu hapa akisema nimehimiza kukata miti ovyo. Kwetu hatari kubwa ni kinyume chake: tunakata kwa ajili ya mkaa bila kungoja kisiki kichipue. Lakini makosa haya mawili ni ndugu. Anayekata bila kipimo na anayeuacha msitu bila kuutazama wote wamevunja mapatano ya zamani kati ya kijiji na msitu wake. Sheria inaweza kuzuia shoka; haiwezi kuleta jicho la kuona unga chini ya mti.

Jicho hilo hufundishwa. Kwa hiyo, ndugu walimu, watoeni watoto darasani, wakatazame miti. Nanyi mabwana misitu, mwanakijiji akija kuwaambia kuna unga kwenye shina, msimwambie arudi kesho.