Kazi Ituunganishayo



Mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya ambayo leo ni Kenya. Wateso na Wasamia wakagawanyika, na Busia ikaja kukua pande zote mbili. Mwaka 2018 kilifunguliwa hapo kituo cha pamoja cha mpakani: forodha zimekwisha kukutana, je, mioyo?

Surat al-Hujurat yatufunza kuwa makabila yapo ili tujuane, na salamu tupu haitoshi kujuana. Basi msusi wa mikeka, mshona kanzu, mpiga akogo wa Kiteso na mpiga tongoli wa Tororo, tuwaite wote, Waislamu na wasio Waislamu, kila mtu na ujuzi wake. Kisima waliochimba pamoja, nani atamzuia mwenziwe kuteka?

Wabillahi taufiki.