Kuacha Siasa na Kuanzisha Gazeti: Hisa Ni za Nani?



Mada niliyopewa na Tume yaonekana nyepesi ukiitazama kwa juu. Mtu amekuwa katika siasa, ameshika cheo, ameyaona mambo ya ndani, kisha anaamua kutoka. Anawakusanya rafiki zake, wanachanga fedha, wanaanzisha gazeti au redio iliyo huru. Habari za namna hii hupokewa kwa furaha, na watu husema: huyu sasa atatuambia ukweli. Sikuja kuwapunguzia furaha hiyo. Nimekuja kuwaomba tulitazame kwa makini hilo neno "huru", kwa sababu wamo miongoni mwenu wanaofikiria kuviacha vyeo vya chama, na wamo wengi zaidi watakaofuatwa na watu wa namna hiyo, wakiombwa kununua hisa, kuwapa matangazo, au kuwaamini tu.

Kwa maoni yangu, kutoka katika siasa ni kazi ya siku moja. Barua ya kujiuzulu haizidi ukurasa. Uhuru wa gazeti huamuliwa mahali pengine pasipo na kelele, yaani katika daftari la wenye hisa na katika orodha ya wanaolipia matangazo. Mifano tunayo kwa jirani na hapa kwetu, nami nitaanza na ya jirani.

Huko Kampala, baada ya serikali ya NRM kushika madaraka mwaka 1986, lilikuwapo gazeti la Weekly Topic. Wenye gazeti hilo walikuwa wanasiasa, tena waliokuwa wamepewa uwaziri. Waandishi wake walikuwa hodari, lakini kila walipoandika juu ya serikali walikuwa wanaandika juu ya matajiri wao wenyewe. Hali hiyo haiwezi kudumu. Mwaka 1992 waandishi sita wakaondoka, miongoni mwao Wafula Oguttu, Charles Onyango-Obbo na Kevin Ogen Aliro, na mwezi Julai wakatoa toleo la kwanza la The Monitor. Hawa hawakuwa wamekaa bungeni. Walichokiacha ni nyumba ya wanasiasa, na chakula kilichokuwa kikipatikana ndani yake. Safari hii wenye mali na wenye kalamu walikuwa watu wale wale.

Mwaka uliofuata serikali ilitoa jibu lake. Haikutuma askari. Ilizikataza wizara na idara zake zisitangaze katika gazeti hilo. Ni vizuri tufahamu uzito wa amri hiyo, maana wasomaji wengi hudhani gazeti linaishi kwa bei wanayolipa kwa muuzaji barabarani. Bei hiyo kwa kawaida haitoshi karatasi, wino, mtambo wa kuchapia, usafiri na mishahara. Kinachobaki hulipwa na matangazo, na katika nchi zetu, hasa miaka ile, mtangazaji mkubwa kuliko wote alikuwa serikali: zabuni, nafasi za kazi, taarifa za mashirika ya umma. Kulinyima gazeti matangazo hayo ni sawa na kumfungia mtu ghala huku ukimwambia kwa upole kwamba yu huru kulima. Amri ile ilidumu hadi mwaka 1997. The Monitor halikufa, kwa sababu lilikuwa na wasomaji wanaolisubiri na wafanyabiashara waliowafuata wasomaji hao. Nadhani hii ndiyo sehemu bora ya habari yote, wala haitajwi mara nyingi, kwa kuwa haina kishindo.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2000 hisa nyingi zilinunuliwa na Nation Media Group ya Nairobi. Siwalaumu waanzilishi. Gazeti linalokua linahitaji mtaji, na mtaji wa marafiki sita una mwisho. Mwezi Oktoba 2002 polisi waliingia katika ofisi zake, na gazeti likafungwa siku 10 kwa sababu ya habari moja iliyohusu helikopta ya jeshi. Kampuni yenye mtaji mkubwa nyuma yake iliweza kulistahimili pigo hilo. Mwezi Februari 2004 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi ile, wanayoiita Supreme Court, ilikifuta kifungu cha sheria kilichofanya uchapishaji wa "habari za uongo" kuwa kosa la jinai, katika shauri lililofunguliwa na Onyango-Obbo pamoja na Andrew Mwenda. Mwaka huo huo wa 2004 Aliro na wenzake kadhaa walikuwa wamekwisha kuondoka na kuanzisha The Weekly Observer. Waliotoka pamoja zamani walitoka tena, safari hii kwa kuachana. Naye Oguttu aliingia bungeni mwaka 2011, na mwaka 2014 akawa kiongozi wa upinzani. Mlango wa siasa hufunguka pande zote mbili.

Sasa turudi Dar es Salaam, ambako tunamkuta mwanasiasa mwenyewe. Jenerali Ulimwengu ni mwandishi wa siku nyingi ambaye alipata pia kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Vyama vingi vilipokwisha kuruhusiwa mwaka 1992, na magazeti yalipoanza kuota kama uyoga, yeye na wenzake, akina Salva Rweyemamu na Johnson Mbwambo, waliijenga Habari Corporation. Gazeti la Rai lilianza mwaka 1993, likafuatwa na Mtanzania na mengineyo. Waliolisoma Rai wakati ule watakumbuka kwamba lilipita mkono kwa mkono, na makala zake ndefu zilijadiliwa na watu ambao hawakuwa wamelinunua.

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Ulimwengu, mtu aliyekwisha kukaa bungeni na kutumikia ukuu wa wilaya, si raia. Uraia aliupata baadaye, kwa njia ya kuuomba. Naomba tusilipite jambo hili haraka. Anayetoka katika siasa hafikirii kwamba faili lake linabaki huko alikotoka, nalo laweza kufunguliwa siku yoyote. Yeyote kati yenu anayefikiria hatua hii aanze kwa kuzipanga karatasi zake, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi stakabadhi za kodi.

Na kampuni yenyewe? Madeni na gharama havimwonei mtu haya. Katikati ya miaka ya 2000 ilikwenda mikononi mwa mfanyabiashara aliyekuwa pia mbunge na kiongozi katika chama tawala, ikaitwa New Habari (2006). Majina ya magazeti yalibaki yale yale kwenye kichwa cha ukurasa, na msomaji wa kijijini hakuwa na njia ya kujua kwamba nyumba ilikuwa imepata mwenyeji mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2020 uchapishaji wa magazeti hayo ulisimamishwa. Rweyemamu alikwenda Ikulu kuongoza mawasiliano ya Rais. Ulimwengu na Mbwambo walianza upya mwaka 2007 na gazeti la Raia Mwema, ambalo mwezi Septemba 2017 nalo lilifungiwa siku 90. Mimi naona kuanza upya kule kunafundisha kuliko kuanza kwa kwanza. Mara ya kwanza mtu anasukumwa na hamu, mara ya pili anajua gharama.

Ipo namna nyingine ambayo vijana wetu wanaipenda, nayo ni ya Marekani. Mwezi Januari 2017 Jon Favreau, Jon Lovett na Tommy Vietor, waliokuwa wamefanya kazi Ikulu ya Rais Obama, walianzisha Crooked Media, kampuni ya vipindi vya kusikilizwa kwa intaneti. Hawa waliacha ajira ya siasa bila kuuacha upande wao, nao hawafichi. Msikilizaji anajua tangu dakika ya kwanza kwamba wanataka chama chao kishinde. Wengine huona kwamba hilo si uhuru. Mimi nasema ni uaminifu wa aina yake, na ni afadhali kuliko yule anayejiita huru huku bajeti yake ikitoka kwa mgombea.

Kwa hiyo mkifuatwa, msiulize kwanza kama mwanzilishi ameacha chama. Ulizeni hisa zimeandikwa kwa majina ya nani, na kama yapo majina ya kuazima. Ulizeni kama yupo mtangazaji mmoja ambaye akiondoka mishahara ya mwezi ule haitoki. Ulizeni kama mhariri anaweza kufukuzwa na mtu mmoja kwa simu. Na kwa wale watakaoanzisha, urafiki wenu uandikeni. Najua hapa kwetu kumwandikisha rafiki mkataba ni kama kumtuhumu. Hata hivyo, nani atanunua hisa za anayetaka kuondoka, kwa bei iliyopangwa na nani, na je, aweza kumwuzia mgeni bila ninyi kujua? Watu wanaokunywa chai pamoja kila jioni huliona swali hili kuwa la aibu, mpaka siku mmoja wao anapouguliwa na mzazi na kuhitaji fedha haraka.

Limebaki suala moja ambalo Tume imeniomba niliguse: mwenye hisa akitaka kurudi katika siasa afanye nini? Ninavyoona mimi, siku anapochukua fomu ya kugombea aache mamlaka yote juu ya habari, na gazeti liwatangazie wasomaji wake jambo hilo katika ukurasa wa kwanza, kwa jina lake. Kama auze na hisa zake pia, au abaki nazo bila sauti, watu wenye busara wanatofautiana. Hilo tutalijadili katika vikundi baada ya chakula, na makatibu wa vikundi watuletee majibu kwa maandishi.