Sakafu ya Mfano wa Mbao, na Nani Alipe Ikiharibika

Chama kilituomba sisi mafundi wa sakafu tuseme machache juu ya hizi sakafu za mfano wa mbao, ambazo siku hizi zatandikwa katika nyumba nyingi, za matajiri na za baadhi yetu pia. Tutaeleza namna ya kuchagua na namna ya kutandika, halafu tutasema habari ya mshahara, maana mambo hayo hayaachani.

Kwanza mjue mnanunua nini. Sakafu ya mbao ya asili ni mbao kweli. Hapa Kenya mti unaosifiwa kwa kazi hiyo ni muhugu, mgumu sana, na vibao vyake hupangwa na kubandikwa juu ya simiti. Ikichakaa husuguliwa kwa msasa, ikatiwa vanishi, ikaendelea na kazi. Lakini muhugu hukua polepole, na wachongaji wa vinyago nao wautaka, kwa hiyo mti mkubwa siku hizi ni wa kutafuta kwa taa.

Kinachouzwa madukani leo mara nyingi ni kitu kingine. Kipo kinachoitwa lamineti. Ndani yake ni nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi zikashindiliwa kwa nguvu na moto. Juu yake ni karatasi, kisha ngozi ngumu ya melamini. Ndiyo, ndugu, ile mishipa ya mti mnayoiona ni picha tu. Ilianza Sweden mwaka 1977 katika kampuni ya Perstorp, na katika miaka ya 1990 vikatokea vibao vya kushikana vyenyewe, ulimi ndani ya mfereji, bila gundi. Pia iko vinili, na ile ngumu ina unga wa mawe ya chokaa ndani. Nayo ni picha vilevile, lakini haiogopi maji.

Basi jikoni, bafuni, na kila mahali mama anapopiga deki kwa ndoo, tieni vinili au vigae. Lamineti ni ya sebule na chumba cha kulala. Tazameni alama ya AC kwenye boksi. AC3 yatosha nyumba yenye watoto, na AC4 ni ya ofisi au duka. Muuzaji atawasifia unene, mm 12 badala ya mm 8. Ule unene hupunguza kishindo cha miguu, lakini maji yakiingia zote huvimba. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba. Ongezeni sehemu ya kumi kwa vipande vya kukatwa, ziwe 13.2, kisha mhesabu maboksi. Nunueni yote siku moja, maana rangi ya shehena ijayo yaweza kutofautiana.

Sasa kutandika. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu uko chini yake. Simiti huonekana kavu juu huku tumbo lake limejaa maji. Kadiri ya mafundi ni mm 25 kwa mwezi mmoja, maana yake simiti ya mm 100 yataka miezi 4, na mahali pa ukungu kama Limuru zaidi. Njia ya kupima haina gharama. Chukua kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukifunua ukakuta jasho, au simiti imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, ngoja. Kisha laza rula ya mita 2: nafasi chini yake isipite mm 3, la sivyo vibao vitacheza na ndimi zitavunjika.

Maboksi yakae ndani ya chumba chenyewe saa 48 kabla ya kufunguliwa. Tandika nailoni, mapindo yakilaliana mm 200, kisha sponji, kisha vibao. Acha mm 10 kando ya kila ukuta na kila fremu ya mlango, kwa kuwa sakafu hii hupumua, hupanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua. Mbao za ukutani zitaficha ile nafasi. Zipigiliwe ukutani, kamwe zisipigiliwe sakafuni. Viungo vya mstari mmoja viachane na vya mstari wa pili kwa mm 300. Pima upana wa chumba kabla ya kuanza, usije ukabakiwa na mstari wa mwisho mwembamba kama kidole.

Tuliwahi kufanya kazi katika jengo moja la ghorofa Nairobi, kontrakta hatumtaji. Simiti ya chini ilikuwa na wiki 7. Tulibandika nailoni, ikatoka jasho tele. Tulimwambia msimamizi. Akajibu kwamba wapangaji wanaingia tarehe mosi, tutandike au tuwapishe wengine. Tulikuwa watatu, na karo ya shule ilikuwa mlangoni. Tukatandika. Mvua ya masika ilipokuja, sakafu ikainuka katikati kama mgongo wa kobe. Nusu ya ujira wetu ikakatwa, na msimamizi akasema hakuambiwa neno.

Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Na makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Sisi hatukukusudia, ila hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Chama kiliingia, maneno yakawa mengi, na mwisho wawili wetu tukalipwa. Mwenzetu wa tatu alikuwa amekwisha kurudi kwao, na fedha zake hazikutoka mpaka leo.

Tangu siku hiyo tuna daftari. Twaandika tarehe ya simiti na tarehe ya kipimo, twapiga picha ya ile nailoni kwa simu, na twampelekea msimamizi ujumbe kabla ya kufungua boksi la kwanza. Wengine hukasirika. Wengi huanza kutafuta wiki mbili za kungoja.

Neno juu ya vumbi: katieni vibao nje, na mvae barakoa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao huleta saratani ya pua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Pedi za magoti pia ziulizeni; wazee wetu wa kazi hii mwawajua kwa wanavyopanda ngazi.

Vibao viko pale mezani, vishikeni. Kile kilicho ndani ya bakuli la maji tulikitia asubuhi tulipofika. Kipimeni kwa rula kando ya kile kikavu, halafu tutajibu maswali.